Kocha wa futiboli wa chuo kidogo Marekani: mpiga debe ndiye dereva

Novemba 2023, Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimfukuza kocha wake wa futiboli ya Kimarekani, Jimbo Fisher. Kocha kufukuzwa si habari. Habari ilikuwa bei. Mkataba ulikibana chuo kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili tu asirudi uwanjani. Taarifa za aina hii zikizunguka kwenye simu zetu, picha inayobaki ni moja: kocha wa chuo Marekani ni tajiri kumzidi hata mkuu wa chuo chake. Kwa makocha wachache sana, picha hiyo ni ya kweli. Kwa waliobaki, wale wa vyuo vyenye wanafunzi elfu moja au mbili katika miji midogo ya Ohio, Iowa na Minnesota, kazi ni nyingine kabisa, na hata kile mwajiri anachokitafuta kwao ni kingine.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ufupi. Timu mbili za watu 11, mpira wenye umbo la yai, uwanja wa yadi 100. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita tisa na kidogo. Ikifaulu, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa mpinzani. Kuufikisha mpira kwenye eneo la mwisho ni pointi 6. Mambo mawili hapa yanagusa maisha ya kocha. Mchezo husimama baada ya kila jaribio, kwa hiyo benchi la ufundi ndilo linalochagua mpango wa karibu kila jaribio, mara 60 au 70 kwa mechi moja. Halafu wanaoshambulia si wale wanaolinda, na wapo wengine wa kazi za mateke tu. Ndiyo maana kikosi cha futiboli hakiwi cha watu 25 kama cha soka. Mia moja ni kawaida, na kuna vyuo vidogo vyenye 150.

Sasa neno linalochanganya watu: divisheni. Mtanzania akisikia "Divisheni III" anakumbuka matokeo ya kidato cha nne, na shabiki wa soka anafikiria timu inayopambana ipande daraja. Vyote viwili vinapotosha. NCAA, chama kikubwa kinachosimamia michezo ya vyuo, kiligawa wanachama wake katika divisheni tatu mwaka 1973, na mgawanyo huo unahusu fedha na falsafa ya chuo, si ubora wa timu ya mwaka huu. Hakuna kupanda daraja wala kushuka kwa matokeo ya uwanjani. Mount Union, chuo cha mji wa Alliance, Ohio, kilitwaa ubingwa wa taifa wa Divisheni III mara 11 chini ya kocha Larry Kehres, na hakikupanda popote, kwa sababu ubingwa haupandishi timu daraja. Timu inabaki palepale. Anayeweza kupandishwa na ushindi ni kocha.

Tofauti inayouma zaidi ni ya ufadhili. Divisheni I ndiko waliko akina Alabama na Michigan, na ndiko kuliko na makubaliano ya mahakamani ya mwaka 2025 yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takribani dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Divisheni II inaruhusu futiboli ufadhili kamili 36, na kocha anaweza kuukatakata kama mkate: nusu kwa huyu, robo kwa yule, mpaka watu 80 wapate kipande. NAIA, ambacho ni chama kingine cha vyuo vidogo, kwa miaka mingi kimeweka kikomo cha 24 kwa mtindo huohuo. Hizo namba ni dari tu, hakuna sheria inayokilazimisha chuo kuifikia. Chukua chuo ambacho mwaka mmoja wa masomo unagharimu dola 30,000: ufadhili 36 ni dola 1,080,000 kwa mwaka, na vyuo vingi havina fedha hizo. Divisheni III, yenye vyuo zaidi ya 200 vinavyocheza futiboli, haitoi ufadhili wa michezo hata senti moja.

Hapo ndipo watu huuliza: kama chuo hakitoi ufadhili na viingilio vya mlangoni havijazi hata ndoo, kwa nini kihangaike na mchezo wenye gharama hivi? Jibu la swali hili ndilo linaloeleza karibu kila kitu katika maisha ya kocha huyu.

Chuo binafsi kidogo kinaishi kwa ada. Hakina watafiti wanaoleta mamilioni ya serikali, na vyuo vingi vya aina hii havina akiba ya kutisha. Ada inayotangazwa kwenye tovuti ni kama bei ya kwanza ya muuza mitumba: anajua yeye na unajua wewe kwamba haitalipwa. Katika vyuo binafsi vya Marekani, wastani wa punguzo kwa wanaoingia mwaka wa kwanza umepita nusu ya ada. Tufanye hesabu ya mfano. Ada iliyotangazwa ni dola 40,000, punguzo ni nusu, chuo kinapata 20,000. Kocha akileta vijana 45 ambao bila futiboli wasingekanyaga chuo hicho, ni dola 900,000 kwa mwaka huo wa kwanza, kabla ya fedha za bweni na chakula. Wakibaki miaka minne, zidisha. Mishahara ya benchi, helmeti, mabasi na rangi ya uwanja vyote vinatoka humo na chenji inabaki.

Kwa hiyo kocha wa chuo kidogo ni mpiga debe wa stendi ambaye akimaliza kujaza gari anaingia kwenye usukani. Bosi wake, mkurugenzi wa michezo, anamuuliza habari za mechi. Lakini bosi wa bosi wake, mkuu wa chuo, anauliza vichwa: Agosti wataripoti wangapi? Kocha aliyeshinda mechi saba kati ya kumi lakini akaleta vijana 22 badala ya 45 yuko hatarini kuliko aliyeshinda nne na kujaza mabweni. Mwajiri hasemi hivyo kwenye mkutano na waandishi, ila kwenye tathmini ya mwaka namba hiyo ipo.

Usajili wenyewe haufanani na ule wa Simba na Yanga. Hakuna ada ya uhamisho, hakuna wakala anayezungumza na klabu. Ni kazi ya simu na gari. Mfano wa chujio la mwaka mmoja: majina 3,000 ya wanafunzi wa sekondari kutoka kwa walimu wao na kwenye video za mtandaoni, 700 wanajibu ujumbe, 200 wana alama za darasani zinazotosha na familia iliyo tayari kusikiliza bei, 120 wanakuja kutembelea chuo, 55 wanalipa amana ya kushika nafasi, ambayo kwa desturi mwisho wake ni tarehe 1 Mei, 45 wanatokea Agosti. Wale kumi wa mwisho wanaopotea kati ya Mei na Agosti ndio wanaowakosesha makocha usingizi. Mmoja amepata chuo cha jirani kwa bei ndogo, mwingine mchumba wake hataki aende mbali, wa tatu amepiga hesabu upya na baba yake wakakata tamaa. Dawa yake si hotuba bali ni simu kila wiki: umejaza fomu ya bweni? Umechanjwa? Umepata mwenza wa chumba?

Na mara nyingine kinachoharibika hakimo mikononi mwa kocha hata kidogo. Familia ya Marekani inayotaka msaada wa serikali hujaza fomu iitwayo FAFSA, ambayo kwa kawaida hufunguliwa Oktoba. Kwa mwaka wa masomo wa 2024 fomu mpya ilichelewa hadi mwisho wa Desemba 2023, na taarifa zake zilianza kuvifikia vyuo Machi. Kwa miezi hiyo yote kocha alikuwa anauza kitu asichojua bei yake.

Familia za Kongo na Burundi zilizohamia Kentucky, Ohio na Iowa ziko katikati kabisa ya ukanda wa vyuo hivi, kwa hiyo hili linazihusu kwa karibu. Kijana akirudi nyumbani na barua ya kocha yenye nembo ya chuo na neno "ofa", mzazi asiite majirani kwanza. Katika Divisheni III kocha hana mamlaka ya kutoa fedha, na sheria inakataza uwezo wa michezo kuhesabiwa katika msaada wa masomo. Barua yake ni ya kukukaribisha tu. Barua yenye uzito hutoka ofisi ya misaada ya wanafunzi, nayo isomwe hivi: chukua gharama yote ya mwaka (ada, bweni, chakula, vitabu), toa misaada isiyorudishwa. Kinachobaki ndicho bei. Mkopo si punguzo, utalipwa. Kazi za chuoni nazo si punguzo, kwani kijana hulipwa akishafanya kazi. Barua nyingi huchanganya vyote vitatu kwenye safu moja na kuvijumlisha, na jumla hiyo hupendeza sana macho.

Mtu anaingiaje kwenye kazi hii? Kwa kawaida alicheza chuoni, mara nyingi chuo kidogo vilevile. Akimaliza anatafuta nafasi ya usaidizi inayoambatana na shahada ya uzamili: chuo kinamsamehe ada, kinampa posho ya kula, pengine na kitanda bwenini, naye anafanya kazi kama punda kwa miaka miwili. Kisha anakuwa kocha wa kundi moja, tuseme wa wapokeaji mpira au wa safu ya mbele. Akidumu, anakuwa mratibu wa mashambulizi au wa ulinzi, yule anayechagua mipango wakati wa mechi. Kutoka hapo ndipo huitwa kuwa kocha mkuu. Miaka kumi na tano ni safari ya kawaida, na katika muda huo familia inaweza kuhama majimbo matano. Wengi huacha katikati, hasa wanapopata mtoto wa pili.

Soko la kazi hizi huchangamka Desemba na Januari, na kilele chake ni mkutano wa kila Januari wa chama cha makocha wa futiboli, AFCA, kilichoanzishwa 1922. Ndani ya kumbi kuna mada za ufundi. Kwenye baraza la hoteli kuna vijana wenye suti moja na wasifu mkononi wakisubiri kusalimiana na mtu. Kocha mkuu akiondoka, wasaidizi wake hawana uhakika: anaweza kuwabeba, anaweza kuwaacha, na kocha mpya huja na watu wake. Mikataba ya mwaka mmojammoja ni ya kawaida huku chini. Fidia ya kina Fisher haipo. Mshahara wa kocha mkuu ni makumi ya maelfu ya dola, na baadhi ya wasaidizi wake ni walimu au mafundi wa mjini wanaokuja jioni kwa posho.

Wiki ya msimu, Septemba hadi katikati ya Novemba, inakwenda hivi. Mechi ni Jumamosi mchana. Jumapili asubuhi benchi linakaa na video ya mechi na kumpa kila mchezaji alama kwa kila jaribio, jumlisha au toa. Jioni wanahamia kwenye video za mpinzani ajaye, ambazo timu hubadilishana mtandaoni, na kuzichambua kwa mafungu: ni jaribio la ngapi, zimebaki yadi ngapi, mpira ulikuwa upande gani wa uwanja, walijipangaje. Ikionekana kwamba kwenye jaribio la tatu zikibaki yadi saba mpinzani hupiga pasi ileile mara nyingi, hilo ndilo litakalofanyiwa mazoezi. Jumanne na Jumatano ni siku nzito. Alhamisi ni nyepesi, Ijumaa ni kutembea tu na kukumbushana au kupanda basi. Hesabu ya basi nayo ina utata wake: basi la kawaida la safari lina viti 56, na ukiwa na wachezaji 60, makocha, mtaalamu wa tiba na sanduku la helmeti, unahitaji mawili. Gharama inakuwa mara mbili kwa ajili ya watu kumi na tano. Katikati ya haya yote, kila jioni kuna saa mbili za simu za usajili wa mwaka ujao.

Na kuna kazi ambazo katika chuo kikubwa zina idara zake. Mtu anafua jezi mia moja. Mtu anapaka mistari ya yadi, mmoja kila baada ya yadi tano. Mtu anahesabu helmeti baada ya msimu na kuzipeleka kiwandani zikakaguliwe na kukarabatiwa, akijua kwamba zilizozidi miaka kumi viwanda havizipokei tena. Kosa la kusahau hesabu hiyo huonekana Agosti, wanaporipoti vijana 130 na helmeti nzima zikiwa 112. Agosti hiyohiyo joto ni adui: sheria inataka siku za kwanza watu wavae helmeti tu, kisha ziongezwe kinga za mabega, na vazi kamili lije baadaye, ili mwili uzoee. Beseni kubwa la maji ya barafu liwepo kando ya uwanja kabla ya mazoezi kuanza. Aliyepatwa na kiharusi cha joto hutumbukizwa kwanza, hospitali baadaye.

Kocha aliyeshinda mechi nyingi kuliko wote katika historia ya futiboli ya vyuo alitoka kwenye ulimwengu huu. John Gagliardi alianza kufundisha akiwa na miaka 16, mwaka 1943, pale kocha wa sekondari yake huko Trinidad, Colorado, alipoitwa vitani. Akafundisha Carroll, chuo cha Montana, kisha kuanzia 1953 hadi 2012 akawa Saint John's, chuo cha Kikatoliki huko Collegeville, Minnesota. Ushindi 489. Alikataa karibu kila desturi ya kazi yake: hakuna kuangushana mazoezini (yaani kumkamata mwenye mpira na kumbwaga chini), hakuna filimbi, mazoezi yasizidi dakika 90, na wachezaji wasimwite kocha bali John. Wenzake walimwona wa ajabu. Sababu yake ilikuwa ya hesabu: mchezaji aliyeumia Jumanne hachezi Jumamosi, na chuo kidogo hakina wa kumrithi. Chuo cha Dartmouth kiliacha kuangushana mazoezini mwaka 2010, na 2016 vyuo vyote vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe ambalo Dartmouth imo, vikakubaliana kuacha kufanya hivyo msimu ukiendelea. Mzee alikuwa ametangulia kwa zaidi ya nusu karne.

Rekodi aliyoivunja mwaka 2003 ilikuwa ya Eddie Robinson, ushindi 408, wote kutoka Grambling, chuo cha Weusi huko Louisiana. Robinson alipoanza mwaka 1941 alikuwa akifyeka majani ya uwanja mwenyewe, akiandika habari za mechi na kuzipeleka magazetini, na akitengeneza mikate ya safari kwa sababu hoteli za njiani hazikuhudumia Weusi. Msimu wa kwanza alishinda tatu na kufungwa tano. Wa pili alishinda zote tisa bila kuruhusu pointi hata moja. Alistaafu 1997, chuo kilekile.

Watu hupenda kudhani waliobaki huku chini walikosa uwezo wa kwenda juu. Kalen DeBoer alishinda 67 na kupoteza 3 tu katika chuo cha Sioux Falls kati ya 2005 na 2009, mabingwa wa NAIA mara tatu. Kisha, na hili ndilo la kuzingatia, hakuitwa kuwa kocha mkuu pakubwa. Alirudi nyuma kuwa mratibu wa mashambulizi, akapita vyuo vinne kwa miaka kumi ndipo akapewa Fresno State, halafu Washington, na Januari 2024 akamrithi kocha maarufu Nick Saban pale Alabama. Lance Leipold alichukua mataji sita ya Divisheni III na Whitewater, Wisconsin, kabla ya Buffalo na Kansas. Nick Sirianni, aliyetwaa Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, na Philadelphia Eagles Februari 2025, alicheza kwa Kehres Mount Union na kuanzia ukocha hapohapo. Kehres mwenyewe? Ushindi 332, vipigo 24, sare 3, na hakuhama. Wakubwa hawaamini kirahisi rekodi ya chini, wakisema wapinzani ni dhaifu. Naye anayeshinda kila mwaka mahali anapopapenda hana haraka ya kwenda kufukuzwa mahali pengine.

Hatari kubwa kuliko kipigo ni chuo chenyewe. Mwaka 1989 Hal Mumme alichukua timu ya Iowa Wesleyan, chuo kidogo cha mji wa Mount Pleasant, akiwa na msaidizi mwenye shahada ya sheria aitwaye Mike Leach. Hapo walijaribu mtindo wa kurusha mpira karibu kila jaribio, michoro michache inayorudiwa mpaka ikae kwenye damu, kwa sababu hawakuwa na miili mikubwa ya kusukumana. Mtindo huo, unaojulikana kama Air Raid, leo unachezwa kuanzia sekondari za Texas hadi ligi ya kulipwa. Iowa Wesleyan, kilichoanzishwa 1842, kilifungwa Mei 2023 kwa kukosa fedha. Wachezaji walilazimika kutafuta vyuo vingine, na makocha walitafuta kazi baada ya soko la Januari kupita. Kocha anayekwenda kwenye usaili siku hizi hufanya vizuri akiuliza, kabla hajaonyeshwa uwanja, mwaka huu wameingia wanafunzi wangapi wa mwaka wa kwanza, na mwaka jana walikuwa wangapi.